Majina Hayaandikwi

Kabula,

Salamu sikupi. Salamu ni za watu wanaosemezana, na mimi na wewe tangu Jumatatu tunapishana humu ndani kama kuku wa nyumba mbili. Umenuna, na mimi nimenuna. Ila kesho meli inaondoka na wewe, na mimi siwezi kungoja mpaka ufike Ukerewe ndipo nianze kusema. Nasema leo. Umekwenda Mkolani kumwamkia shangazi yako, na shangazi yako namjua, hakuachii mpaka umekula mara mbili. Kwa hiyo mchana wote ni wangu.

Anayeandika ni Mzee Tito, yule katekista. Usishangae mwandiko kuwa mzuri kuliko maneno. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee. Alipoanza tu aliandika "Binti yangu mpenzi". Nikamwambia soma, akasoma, nikamwambia futa, mimi sijasema mpenzi. Akaniambia, "Mama Kabula, barua ina adabu zake." Nikamwambia mimi na adabu tuligombana zamani, wewe futa. Amefuta. Hilo doa la wino hapo juu ndilo hilo.

Mambo ya kula na kulala sikwambii. Wewe ni mtu mzima, umesoma mpaka darasa la nane, ukilala bila chandarua ni malaria yako. Michembe, vile viazi vikavu, nimekufungia, utaikuta, ukipenda kula ukipenda tupa. Mimi nataka kusema juu ya Jumatatu.

Jumatatu ulikuja na yale makaratasi yako ya kazi ya kuhesabu watu, ukavuta kigoda, ukasema, "Mama, hebu nijizoeze kwako." Mama Sofia wa hapo jirani amekaa kwenye mkeka anachambua mchele wake, masikio yamesimama. Ukaanza. Umezaa mara ngapi. Walio hai wangapi. Waliokufa wangapi. Halafu bila kumeza mate ukauliza kama kuna niliyemzaa kabla sijaolewa. Mbele ya Mama Sofia. Mimi nikachukua karatasi yako nikaitupa nje, ikaenda kuangukia kwenye maji ya bata. Ukasema, "Mama, wewe hujui mambo ya sasa. Hii ni Serikali yetu, si ya Gavana. Tena majina hayaandikwi."

Hapo ndipo nilipokupiga kofi.

Kofi lile siliombei msamaha. Ila lina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Ni langu mimi, lilikuwa linanidai zamani, sasa likatua shavuni kwako kwa sababu maneno uliyoyasema ndiyo niliyoyasema mimi, neno kwa neno. Majina hayaandikwi. Niliyasema nyumba baada ya nyumba, kwa kinywa hiki hiki. Hukuwahi kujua kama mama yako naye alifanya kazi ya kuuliza watu. Sasa jua.

Wakati ule tunakaa Kiseke, baba yako yu hai, wewe ulikuwa mdogo unakwenda kuchunga mbuzi na kurudi bila mbuzi. Ilikuwa miaka ile ya kuhesabiwa ng'ombe. Wanakuja, wanahesabu ng'ombe wako, halafu wanakwambia ni wengi mno, uza. Watu wakaficha ng'ombe kwa mashemeji, kwa marafiki, mtu ana ng'ombe ishirini ukienda kwake unakuta ndama mmoja na mbwa. Sisi kuhesabiwa hatukupenda tangu zamani. Hata watoto, mtu akikuuliza wangapi, unajibu wapo. Wapo tu. Mwenye kutaja hesabu ya watoto wake ni kama anamwonyesha mtu mahali pa kupiga. Babu yako alikuwa hata vifaranga hahesabu, mwewe akichukua hajui, na analala usingizi. Lakini babu yako alilala usingizi hata siku nyumba ilipoungua, kwa hiyo simtumii sana kama mfano.

Basi akaja mama mmoja Mzungu na motokaa. Tulimwita Mama Kofia, maana kofia yake ilikuwa pana, ukisimama naye unapata kivuli. Huyo hahesabu ng'ombe. Anataka kujua wanawake wamezaa wangapi na wamekufa wangapi. Kijiji kikasema, haya, ng'ombe wamewamaliza, sasa wamefika kwa watoto. Hakuna aliyemfungulia mlango. Akatafuta mtu wa kumsemea. Wanawake wenzangu Kiswahili walikuwa hawakijui, mimi nilikijua kwa kuuza dagaa sokoni mjini. Tena ninaongea. Hilo huna haja ya kuambiwa. Akanichukua mimi.

Sasa usinisikie nikimtukana huyo mama, japo ningependa. Kazi yake aliifanya kwa uangalifu. Kila karatasi ina namba, haina jina. Namba ipi ni ya nani iko kwenye kitabu kidogo, na kitabu kinakaa kwenye mkoba wake, na mkoba anaulalia. Karatasi zenyewe anazitia kwenye sanduku la bati. Akanifundisha la kusema: majina hayaandikwi. Mimi nikalisema kwa Kisukuma, na nikaongeza langu. Nikawaambia, "Kinachosemwa hapa kinafia hapa." Hilo hakunituma. Niliona linapendeza.

Wakafungua milango. Hawakumfungulia yeye, Kabula. Walinifungulia mimi.

Mama Kofia akapata homa. Homa ya kupanda na kushuka, leo yuko kitandani kesho yuko kazini. Akawa ananituma peke yangu, chukua karatasi hii peleka nyumba ile, uliza lililobaki. Na mimi namba sizijui. Namba kwangu ni vidudu. Siku moja nikapeleka karatasi ya huyu kwa yule, ikawa fujo, ajuza wa miaka sabini ameandikwa ana mimba. Mama Kofia hakunigombeza, alinitazama tu, na kutazamwa vile niliona aibu kuliko kugombezwa. Nikafikiri. Nikachukua kipande cha penseli, nikawa kila karatasi nachora alama pembeni, niijue. Mfinyanzi, nachora chungu. Mwenye kuku wengi, kuku. Yule mjane wa kwenye mawe, nachora jiwe. Na majibu nayo nikayaandika kwa namna yangu. Mtoto aliye hai, kijiti kimesimama. Aliyekufa, kijiti kimelala. Na aliyezaliwa kabla ya ndoa, kijiti kimesimama peke yake, mbali na wenzake. Mama Kofia akipona anaandika namba zake juu yake.

Alipoona alama zangu akacheka, akasema nina akili. Mimi, sijawahi kukanyaga shule hata kuchungulia dirishani, Mzungu ananiambia nina akili. Nilitembea wiki nzima nimebeba hilo neno. Mzee Tito anatabasamu hapa. Andika kwamba unatabasamu, Mzee Tito, binti yangu ajue unanicheka.

Sasa kulikuwa na mwanamke mmoja. Jina lake silitaji, na usije ukaniuliza hata nikiwa nakata roho. Mume wake alikuwa fundi seremala, kwa hiyo alama yake nilichora kigoda cha miguu mitatu, kama vile alivyokuwa akitengeneza mumewe, mguu mmoja umekaa upande kidogo. Nilimkuta ziwani anaanika dagaa kwenye mawe. Nikamuuliza maneno yangu. Akajibu, "Wapo." Nikamwambia bibi, huyu Mzungu anataka hesabu. Akataja watano, wote hai. Nikachora vijiti vitano. Nikainuka, nikajipukuta magamba, nimeshageuka, akaniita. "Rudi, mama."

Nikarudi.

Akasema, "Mwandike na yule."

Nikamuuliza yupi. Akawa anageuza dagaa, hanitazami. Akasema kuna msichana alimzaa kwao, kabla hajaja huku, akamwacha kwa bibi yake. Mume hajui. Hajui mtu. Akasema, "Hakuna aliyewahi kumhesabu. Mimi mwenyewe nikihesabu wanangu namruka. Kama kweli hakuna jina, basi ahesabiwe hata mara moja." Nikachora kijiti cha sita, peke yake, huku pembeni. Akaomba akione. Nikamwonyesha. Alikitazama muda, Kabula, kijiti tu cha penseli, halafu akasema haya, nenda.

Huyo ndiye aliyeniamini. Nataka umwone vizuri kabla sijakwambia nilichomfanya.

Nyumba aliyopanga Mama Kofia ilikuwa inavuja. Masika yalipoingia akaniomba lile sanduku la bati likae kwangu. Likakaa. Bawaba ya kifuniko ikang'oka, sanduku halifungi. Na mimi, kwa kutaka kulinda makaratasi, nikamwita fundi. Fundi ni mmoja pale kwetu. Unajua ni nani.

Akaja na nyundo yake. Nikamfungulia sanduku, karatasi hizo hapo juu juu. Nikamwambia, "Fundi, humo ndani usiangalie."

Akanijibu, "Mayu, mama yangu, niangalie nini? Mimi na karatasi ni ng'ombe na msikiti."

Nikacheka, nikamwambia na mimi vile vile. Tukacheka wote wawili, wajinga wawili na sanduku la maneno ya watu. Ningekuwa nimeita karani ningefunika zile karatasi kwa kanga. Ningeita mwalimu ningezitoa kabisa. Lakini huyu hajui kusoma, nimfiche nini. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, lisikilize vizuri, maana wewe uliyesoma utalifanya kwa haraka zaidi. Nilidhani kusoma ni herufi. Namba za Mama Kofia asingeziona hata angezikalia. Lakini mimi nilikuwa nimezichora. Karatasi zilizokuwa hazisomeki na mtu pale kijijini, mimi ndiye niliyezifanya zisomeke na kila mwenye macho.

Akawa anapiga misumari. Akasimama. "Hiki kigoda mbona kama changu?"

Na mimi, Kabula, sikunyamaza. Mtu mwenye akili angesema ni kigoda tu. Mimi niliona fahari kwamba mchoro wangu umetambulikana. Nikasema, "Si chako hicho? Tazama na mguu wako wa upande."

Akacheka. Akaitoa karatasi aione vizuri. Mimi nimeinama nachochea moto, nasikia ameacha kucheka. Nikageuka, namwona kidole kinapita kwenye vijiti. Kimoja, kingine, kingine. Kikafika kwenye kile cha pembeni kikakaa hapo.

Akauliza, "Huyu aliyesimama mbali ni nani?"

Nikasema sijui, ni makosa ya penseli. Uongo wangu ulikuja umechelewa, umevaa nguo kinyume. Hakuniuliza tena. Alirudisha karatasi mahali pake, akamalizia bawaba, akaipaka na mafuta, akafungua na kufunga mara mbili kuona kama inashika. Sijawahi kuona bawaba imefungwa vizuri vile. Akaaga, "Mayu, nakwenda."

Mwanamke alirudishwa kwao kabla dagaa wa wiki ile hawajakauka. Watoto watano wakabaki kwa baba, ndiyo desturi. Alihesabiwa sita mara moja, akaondoka na sufuri.

Alipita mlangoni kwangu mchana, mzigo kichwani, kijiji chote kimetoka kutazama huku kinajifanya kinafagia. Nikatoka. Nikaanza kusema, maana mimi nikiogopa nasema, nikamwambia mwenzangu, jina lako sikuandika, naapa. Akasimama. Akasema, "Jina hukuandika. Ulinichora." Akaenda.

Nilimfuata Mama Kofia mjini, alikuwa amekaribia kusafiri kurudi kwao. Nilikwenda kwa miguu kutoka Kiseke na jua lile. Nikamweleza yote, sikuficha langu. Akawa mwekundu, akakaa kitandani, akashika kichwa. Halafu akaniambia, "Lakini jina lake halimo." Akasema tena, kama anayejisemea, "Jina halimo." Nikamwambia mama, sasa sanduku nitie moto? Akasema hapana, hapana, kazi ya mwaka mzima. Akazichukua karatasi, akaondoka nazo. Kigoda changu kiko Ulaya huko, na kijiti chake pembeni. Huenda wamekitia kwenye hesabu. Huenda watu wamefurahi hesabu imetimia.

Mimi nilihama Kiseke mwaka ule. Watu hukwambia tulihamia Igogo kwa ajili ya biashara ya baba yako. Si kweli. Milango ilifungwa. Nikipita, wanawake wanaongea, wananyamaza, nikishapita wanaongea.

Sasa wewe na majina yako hayaandikwi. Mwanangu, jina ndicho kitu kidogo kuliko vyote kwa mtu. Huku kwetu Masanja wako wangapi? Ukipiga kelele sokoni Masanja, nusu ya soko inageuka. Lakini useme yule mjane mwenye kigugumizi anayeuza ndizi karibu na gati, umeshamvua nguo, na jina hukutaja. Mnalala makarani sita nyumba moja, jioni mnakula, mmoja anasema leo nimekuta kituko nyumba ya tatu kutoka kisimani, mnacheka. Anayewapikia anasikia. Nakujua, wewe ni mwanangu, ulimi umeurithi kwangu, sura ndiyo uliyoichukua kwa baba yako. Utataka kusimulia. Kitakuwasha. Ukiwashwa, kunywa maji.

Na usimuulize mtu mbele ya mama mkwe wake, wala mbele ya mtoto anayekula ugali pembeni, wala mbele ya Mama Sofia wa huko, maana kila mahali yupo. Wakubwa wako wakikwambia unakawia, waambie wamlete mama yako awajibu.

Mzee Tito amesimamisha kalamu. Ananiambia, "Seremala wa Kiseke, mimi nilimjua. Mrefu. Si ndiye yule aliyeoa tena kule Buswelu?"

Umeona? Umeona, Kabula? Sikutaja jina la mtu. Nimekaa na huyu mzee tangu adhuhuri, mtu wa Mungu, mkongojo na miwani ya kioo kimoja, na ameshamkamata mtu mkononi. Namwambia mbele yako, aandike mwenyewe kwa mkono wake: Mzee Tito, hakuwa seremala. Na hakikuwa kigoda, wala bawaba. Na dagaa hawakuwapo. Na hesabu ya watoto si hiyo.

Anasema, "Basi umenidanganya mchana kutwa."

Namjibu, nimekudanganya wewe. Yule mwanamke sikumsaliti mara ya pili. Anasema yeye amezoea kusikia siri za watu kanisani. Nimemjibu hizo ni za padre, wewe ulikuwa unagonga kengele. Sasa amenuna naye, humu ndani imekuwa nyumba ya wanunaji. Lakini anaandika.

Yaliyo kweli ni haya. Nilichora, nikafungua sanduku, nikacheka na yule mwanaume, na mwanamke akapoteza wanawe. Hayo sikubadilisha hata moja.

Utataka kujua alikwenda wapi. Sisemi. Huenda ni Ukerewe unakokwenda kesho. Huenda ni Kome. Huenda yuko hapa hapa Igogo, tunanunua chumvi duka moja. Ukikaa ukamtafuta hutampata, nimekuharibia njia zote makusudi. Kwa hiyo kila mlango utakaobisha, wewe jua ni wake. Usichague. Mzee, kijana, mwenye meno, asiye na meno, ni yeye. Na Jumatatu ulipovuta kigoda ukaniuliza mimi, huenda ulikuwa umeshafika kwake.

Barua hii ukishaisoma ichome. Mzee Tito ananiambia niweke dole gumba hapa chini. Siweki. Mwandiko si wangu, dole halimo, akiiokota mtu aseme ni ya nani.

Uende, mwanangu. Sikufurahi, na sikuzuii. Mwanamke atakufungulia, atakupa mahali pa kukaa, utamuuliza ana watoto wangapi. Kabla hajajibu atanyamaza kidogo. Akijibu, andika alichojibu, hicho hicho. Kule kunyamaza usikuandike.